Uzi: Webuye haikuuawa na bili ya stima

Nabuyole74 (Kangemi)

Mulembe wote.

Kila mazungumzo ya viwanda vilivyokufa yakianza hapa jijini, Panpaper, kile kiwanda cha karatasi cha Webuye kule Magharibi, hutajwa kwa sentensi moja: walikatiwa stima Januari 2009, kiwanda kikafa. Ni kweli stima ilikatwa, ni kweli deni lilikuwapo. Lakini anayeishia hapo hajui kilichotokea. Kiwanda kile kilikuwa kimeugua miaka kumi na zaidi kabla ya siku hiyo, na ugonjwa wenyewe ulikuwa msituni na kwenye vitabu vya madeni, haukuwa kwenye mita.

Nimezaliwa Webuye, baba alifanya kazi yadi ya magogo, na mimi hapa Nairobi nakula kwa karatasi: nina mashine ya kuchapa Kirinyaga Road. Naomba niandike historia ya mji ule kwa vipande, mwenye la kuongeza aongeze.

Wengi hudhani Webuye ilianza na kiwanda. Wakoloni walipaita Broderick Falls kwa ajili ya maporomoko ya mto Nzoia, ambayo sisi tunayaita Nabuyole. Juu ya mji kuna Chetambe. Huko kuna ngome yenye handaki ambamo Babukusu walijikinga mwaka 1895, wakapigana na kikosi cha Waingereza kilichoongozwa na Hobley, baada ya vita vingine kule Lumboka. Bunduki zikashinda. Miaka ya 1920 reli ya kwenda Uganda ikapita, hii hii inayokata Kibera, ikaacha stesheni na maduka. Hadi uhuru mji ulikuwa hivyo: mahali pa treni kusimama.

Kilicholeta kiwanda pale ni mto. Kupika mbao ziwe karatasi kunataka maji mengi mno, na yasikauke Januari. Nzoia haikauki. Reli ilikuwapo, barabara kuu ya Malaba ilikuwapo, na upande wa mashariki, kule Turbo, Idara ya Misitu ilikuwa imeanza tangu miaka ya 1960 kupanda misonobari kwa nia hiyo hiyo ya karatasi. Kumbukeni hilo la Turbo. Nitalirudia, maana ndiko hadithi yote iliko.

---

Kevo_Kayole

Mzee endelea, tuko hapa. Mimi nimepita Webuye usiku tu kwa basi. Nani hasa alikijenga? Nimesikia ni Wahindi, wengine wanasema ni Kenyatta.

---

Nabuyole74 (Kangemi)

Wote wako sahihi nusu nusu, Kevo. Ilikuwa ni ubia. Serikali ya Kenya iliingia na hisa. Akaingia Orient Paper Mills wa kundi la Birla kutoka India, ambaye ndiye aliyeleta ujuzi na kusimamia uendeshaji. Na ikaingia IFC, lile tawi la Benki ya Dunia linalokopesha na kununua hisa katika makampuni ya kibiashara. Kampuni ikaitwa Pan African Paper Mills. Mipango ilikuwa 1969 na 1970, ujenzi ukafuata, na karatasi ya kwanza ikatoka mwisho wa 1974. Uwezo wake mwanzoni ulikuwa tani 45,000 kwa mwaka. Baada ya upanuzi mara kadhaa, ilikuja kutajwa kuwa tani 120,000.

Mjiulize nchi ilikuwa wapi wakati ule. Uhuru ulikuwa na miaka sita au saba. Kila daftari la mtoto, kila fomu ya chifu, kila mfuko wa saruji na wa majani chai ulihitaji karatasi ya kuletwa kwa meli. Waliosema tutengeneze yetu walisema jambo la maana sana na sitakubali mtu aje hapa kulifanyia dhihaka. Karatasi ya kuandikia, ya kuchapia, na ile ya khaki ya kufungia, zote zikawa zinatoka Magharibi mwa Kenya, kwa mti uliopandwa Kenya.

Mji ukageuka. Nyumba za wafanyakazi zikajengwa, shule ikaja yenye jina la kiwanda, na timu ya Panpaper ikafika ligi kuu ya soka ikamenyana na Gor Mahia na Ingwe (AFC Leopards). Watu walikuja kutoka Busia, Kakamega, Siaya, Kitale. Kazi ilikwenda kwa zamu, mchana na usiku, kwa hiyo hata soko halikulala mapema. Mama wa chai na mandazi alijua saa ya zamu kutoka. Mwenye ploti alijenga vyumba vya kupangisha vibarua. Kufikia mwisho kiwanda kilikuwa na wafanyakazi kama 1,500 wa moja kwa moja, lakini hesabu hiyo haimweki dereva wa lori la magogo, wala mkata miti Lugari, wala fundi baiskeli.

---

Kevo_Kayole

Na ile harufu? Wazee wa kwetu husema ukifika karibu unajua umefika hata ukiwa umelala.

---

Fundi_Zamani (Kahawa West)

Hapo niruhusuni mimi. Nimefanya kazi na boila maisha yangu yote, na kazi ya karatasi naijua. Kevo, ukielewa harufu utaelewa pia kwa nini kiwanda kilianguka, kwa hiyo soma taratibu.

Gogo likifika linavuliwa maganda, linakatwakatwa vipande vidogo. Vipande vinaingia kwenye dijesta, chungu kikubwa cha chuma kilichofungwa, pamoja na kostiki soda na sodiamu salfaidi, na kupikwa kwa mvuke hadi joto linafika kama nyuzi 170. Mti una nyuzinyuzi na una gundi inayozishika, iitwayo lignini. Ile dawa inayeyusha gundi, nyuzi zinabaki. Hizo ndizo zinazooshwa, na kama unataka karatasi nyeupe zinapaushwa kwa klorini, kisha zinatandazwa kwenye mashine kama rojo jepesi lenye maji mengi kuliko kitu chochote, zinakamuliwa, zinakaushwa kwenye mitungi ya moto, inatoka karatasi.

Harufu inatokana na salfa. Ikikutana na ule mti kwenye joto hutoa gesi zinazonuka yai bovu na kabeji iliyooza. Pua ya binadamu inazinusa hata zikiwa kidogo sana hewani, ndiyo maana zinasafiri mbali.

Sasa sikilizeni sehemu ya pesa. Gogo likipikwa, karibu nusu ya uzito wake tu ndiyo inakuwa nyuzi. Nusu nyingine inabaki ndani ya maji meusi mazito. Maji hayo hayamwagwi. Yanapunguzwa hadi yawe kama lami, halafu yanachomwa ndani ya boila maalumu. Moto huo unatoa mvuke wa kuendesha kiwanda na kuzungusha jenereta, na chini ya boila unaokota dawa yako urudie kupikia. Yaani kiwanda cha aina hii kikiwa na mti wa kutosha kinajipikia chenyewe. Mti wenyewe ni kuni, na mti wenyewe ni karatasi.

Mti ukipungua je? Maji meusi hayatoshi. Mashine ya karatasi bado inataka mvuke wa kukaushia. Ukileta rojo la kununua kutoka nje, au karatasi chakavu, hapo huna maji meusi kabisa. Basi unachoma mafuta mazito ya tanuri, na stima unanunua. Kila upungufu wa magogo unahamia kwenye bili ya mafuta na bili ya stima. Kwa hiyo mwenye uzi namuunga mkono: bili ile ilianzia msituni.

---

Nabuyole74 (Kangemi)

Asante sana mzee Fundi. Hilo ndilo nililokuwa nahangaika kulieleza. Naomba kila aliyesoma haraka arudi asome aya mbili za mwisho za mzee.

Ongezeni juu yake mwaka 2008. Julai mwaka ule pipa la mafuta lilifika karibu dola 147. Kiwanda kinachokausha karatasi kwa mafuta kingepumulia wapi? Na mwaka ule ule ulianza na vurugu za baada ya uchaguzi, barabara ya Eldoret imefungwa, reli ya Kibera imeng'olewa. Januari 2009 stima ikakatwa, mitambo ikasimama, mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyolemewa na madeni, akaingia.

---

Mwana_Turbo (Umoja)

Nabuyole, umesema Turbo mara mbili, sasa acha wa Turbo aseme.

Sisi tulilelewa kwa shamba la msituni. Familia ilipewa kipande palipokatwa miti, mkapanda mahindi na maharagwe, na katikati ya mistari mkapanda miche ya misonobari ya serikali. Mkipalilia mahindi mnapalilia na mche. Baada ya miaka kama mitatu kivuli kikizidi mnahamishiwa kipande kingine. Serikali ilipata msitu karibu bure, sisi tulipata chakula. Mfumo huo ulikuwa na ubaya wake, watu wengine walikataa kutoka, na wengine waliua miche makusudi ili wabaki. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 ukapigwa marufuku, na kilichofuata nilikiona kwa macho. Miti ilikatwa, malori yakaondoka, na ile ardhi ikabaki majani na visiki. Idara haikuwa na watu wala pesa za kupanda upya kwa kasi ya msumeno.

Msonobari wa karatasi unataka miaka kama 15 hadi 18. Hesabuni basi. Uliokosa kupandwa 1990 ndio uliokosekana 2006. Huo ndio muda kiwanda kilipoanza kuhema vibaya.

Halafu 1999 serikali ikapiga marufuku ukataji miti katika misitu yake, lakini Panpaper na kampuni za mbao za Raiply na Timsales zikaruhusiwa kuendelea. Wenye mashine ndogo za kupasua mbao Turbo, Burnt Forest, Elburgon walifunga. Chuki iliyobaki kwa watu kuhusu "kampuni zilizoruhusiwa" ni kubwa, na siwalaumu. Aliyekatazwa alikuwa jirani yangu mwenye msumeno mmoja.

---

Wa_Budalangi (Donholm)

Nimesoma hadi hapa kwa heshima, lakini naona mnalia kama watu wa juu ya mto. Sisi ni wa chini ya mto. Nzoia ikitoka kwenu inakuja Mumias, inakuja kwetu, inaingia ziwani. Malalamiko ya maji kubadilika rangi na samaki kupungua chini ya kiwanda yaliandikwa miaka mingi, na wataalamu wa vyuo walikuja kupima mara nyingi. Kulikuwa na mabwawa ya kusafishia maji machafu, najua. Lakini kuwa na bwawa na bwawa kufanya kazi ni mambo mawili.

Na huko huko Webuye watu walilalamika kuhusu mabati. Mabati mapya yanaota kutu kabla mtoto hajamaliza shule ya msingi. Kama hewa inakula bati, kifua cha mtoto je?

---

Nabuyole74 (Kangemi)

Ndugu yangu wa Budalang'i, sitakupinga hata neno. Malalamiko ya mabati na kikohozi yalikuwako tangu zamani, na walioyatoa walikuwa ni watu wale wale waliotegemea mshahara wa kiwanda. Mtu alikohoa na akaomba Mungu kiwanda kisifungwe. Hiyo ndiyo taabu ya mji wenye mwajiri mmoja: huwezi kusimama kwenye baraza ukamwambia asafishe moshi wake, kwa sababu kila mtu ndani ya hilo baraza, pamoja na mwenye duka, mwalimu na mchungaji, anakula kwake.

Na teknolojia ya kupunguza haya ilikuwapo. Viwanda vya nchi nyingine viliacha gesi ya klorini ya kupausha na kwenda kwa dawa zenye madhara madogo zaidi, vikakusanya zile gesi za salfa na kuzichoma. Ni gharama. Kampuni iliyolemewa na madeni haitaanza na hiyo. Kwa hiyo deni nalo lilichafua mto, kwa njia yake.

---

Hesabu_SouthC

Kuhusu deni niseme kidogo, nimekuwa mkaguzi wa vitabu muda mrefu.

Mradi kama ule hujengwa kwa mikopo ya fedha za kigeni, kwa sababu mashine zinanunuliwa nje. Mauzo yake lakini ni shilingi, kwa sababu daftari linauzwa Kakamega. Shilingi ikiwa imetulia, hakuna tatizo. Mwaka 1993 Kenya iliachilia thamani ya shilingi iamuliwe na soko, na ikaporomoka vibaya. Mkopo ule ule, bila kuongeza hata senti, ukawa mzito kwa shilingi. Wakati huo huo vizuizi vya kuingiza bidhaa viliondolewa. Kampuni iliyojengwa ikitarajia soko la ndani lililolindwa ikajikuta inashindana na viwanda vya Asia na Afrika Kusini vinavyotoa karatasi mara nyingi zaidi yake kwa mwaka, halafu 2000 soko huria la COMESA, jumuiya ya biashara ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, likafunguka.

Mkitaka kujua nani aliamua hayo, yaliamuliwa hapa Nairobi, Treasury, na wafadhili wakiwa mezani. Ajabu ni kwamba Benki ya Dunia ilikuwa pande zote: ilisaidia misitu ipandwe, tawi lake likawa mwanahisa na mkopeshaji, na ikawa miongoni mwa walioshinikiza soko lifunguliwe.

---

MamaStationery (Eastleigh)

Mimi sina usomi wa hayo lakini nimeuza vitabu na madaftari tangu nikiwa msichana dukani kwa mjomba. Naomba niulize swali linalonisumbua. Januari 2003 Kibaki alipofanya shule ya msingi kuwa bure, watoto walijaa madarasani mpaka wengine wakakaa chini. Madaftari tuliuza hadi tukaishiwa. Soko la karatasi halijawahi kuwa kubwa vile. Sasa kiwanda cha karatasi cha nchi kinaangukaje miaka sita baada ya hapo?

---

Nabuyole74 (Kangemi)

Dada yangu, hilo ndilo swali la uzi mzima, na ningekuwa na uwezo ningeliandika juu kabisa.

Jibu langu kama mchapaji ni hili. Mchapaji ananunua kwa bei, kwa weupe, na kwa uhakika wa mzigo. Nikipewa kazi ya vitabu ya wiki mbili, siwezi kumwambia mteja ngoja dijesta iwashwe. Miaka ile karatasi ya nje ilikuwa imejaa kwenye maghala ya Industrial Area, nyeupe, imekatwa sawa, gramu zake haziyumbi. Soko lilikua, lakini likakua kuelekea bandarini. Kiwanda chetu kilikuwa na magogo ya kusuasua na mafuta ya bei ya juu, hivyo mahitaji yalipopanda hakikuweza kupanda nayo. Nafasi ya 2003 na miaka iliyofuata ilitaka msitu uliopandwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Haukuwapo.

Ndiyo maana nakataa neno "bahati mbaya" watu wanalotumia. Msitu ambao hakuna aliyeupanda si bahati.

---

Fundi_Zamani (Kahawa West)

Na mashine zilikuwa za 1974 kwa sehemu kubwa. Mashine ya karatasi ni ya kudumu, ukiitunza inafanya kazi miaka hamsini. Lakini mashine mpya za Asia zinakimbia kasi mara kadhaa ya zile, kwa watu wachache. Hapo ushindani wa bei huwezi hata ukipewa magogo bure.

---

Kevo_Kayole

Sasa baada ya 2009? Nakumbuka nikiwa shule walisema kimefunguliwa, halafu tena kimefungwa.

---

Nabuyole74 (Kangemi)

Kilifunguliwa kwa muda mfupi enzi za Kibaki kwa pesa za serikali, mashine zikazunguka, kikazimwa tena. Kwa aliyeelewa maelezo ya mzee Fundi, haishangazi: kuwasha kiwanda kile bila magogo na bila kumaliza deni ni kuchoma mafuta tu.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyoumiza mji. Vyumba vya kupangisha vikabaki wazi. Watu walirudi mashambani kwao, wengine wakaja huku Kangemi na Kawangware kutafuta mijengo, na nilikutana nao, watu waliokuwa na ujuzi wa miaka ishirini wa mashine ya karatasi, wakibeba mchanga. Webuye hakukuwa na kazi nyingine ya ujuzi ule. Fundi wa magari akikosa garaji moja anapata nyingine. Fundi wa dijesta anakwenda wapi?

Mwaka 2016 mali ikauzwa kwa kundi la Rai kwa shilingi milioni 900, Rais Uhuru akaja kukizindua upya, na jina likawa Rai Paper. Kelele za bei mnazikumbuka, kwa sababu thamani iliyokuwa ikitajwa magazetini ilikuwa mabilioni mengi. Uzalishaji ulioanza ulitegemea karatasi chakavu na kutoa karatasi za khaki. Waliorudishwa kazini ni wachache mno ukilinganisha na zamani.

---

Hesabu_SouthC

Kuhusu bei, tuwe waangalifu kidogo. Thamani ya kwenye vitabu na thamani ya mtu anayetoa pesa mfukoni hazifanani. Kiwanda kilichosimama miaka saba, mabomba yamepata kutu, hakina mkataba wa magogo, kinauzwa kwa thamani ya ardhi na chuma pamoja na matumaini. Mimi naona kosa kubwa halikuwa bei, ni kwamba kiliachwa miaka saba kikioza kabla ya kuuzwa. Kingeuzwa 2010, tungekuwa na mazungumzo tofauti.

---

Mwana_Turbo (Umoja)

Hapo sikubaliani nawe kabisa, mkuu. Hisa za serikali zilikuwa zetu. Misitu ilikuwa yetu. Wananchi wa Webuye walitoa ardhi na mapafu. Bei ikiulizwa, wana haki ya kuuliza, na wajibiwe kwa karatasi zilizowekwa wazi, wasiambiwe tu kwamba chuma kina kutu.

---

Hesabu_SouthC

Kuuliza wana haki, hilo nakubali bila masharti.

---

Mgololo_Kwetu (South B)

Habari zenu wakuu. Mimi ni Mtanzania wa Mufindi, nafanya kazi hapa Nairobi. Nimeusoma uzi huu kama nasoma habari za kwetu.

Sisi tulikuwa na Southern Paper Mills, pale Mgololo, kiwanda cha umma. Kilianza uzalishaji 1985, kwa fedha za Benki ya Dunia na nchi za Nordiki, na uwezo wa tani 60,000. Msitu wake ni Sao Hill, shamba la miti kubwa kuliko yote nchini. Nacho kilihangaika miaka ya tisini kwa sababu zinazofanana na zenu: madeni, umeme, soko kufunguliwa. Kikasimama. Mji wa kiwanda ukawa kimya. Halafu serikali ikakibinafsisha miaka ya 2000 mwanzoni, na aliyekinunua ni kundi hilo hilo la Rai. Kinaitwa Mufindi Paper Mills, na kinapika mbao, kinatoa karatasi ngumu za mifuko.

Tofauti ninayoiona mimi ni Sao Hill. Kiwanda kiliposimama, msitu haukufa. Miti ilizidi kukua, na upandaji uliendelea, hata wananchi wa Mufindi na Njombe wakaanza kupanda misonobari yao binafsi kama zao la biashara. Mnunuzi alipokuja alikuta malighafi imesimama inamngoja. Kwenu mmeniambia msitu ulitangulia kufa.

---

Nabuyole74 (Kangemi)

Karibu sana ndugu yetu, na asante. Umeleta ushahidi ambao sikuutarajia. Mnunuzi ni yule yule, mashine ni za rika linalokaribiana, mkopeshaji wa mwanzo yule yule. Kilichotofautiana ni miti.

Naongeza hili kwa wanaosema Webuye ifufuliwe sasa. Soko lipo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, karatasi ya khaki inatakiwa kila duka. Lakini Februari 2018 ukataji miti ukapigwa marufuku tena katika misitu ya serikali, na haukufunguliwa hadi Julai 2023. Wakati wa marufuku, miti iliyokomaa ilioza ikiwa imesimama sehemu nyingine, na sehemu nyingine hapakupandwa kitu. Hatuwezi kuendesha kiwanda cha karatasi kwa kufunga na kufungua msitu. Kiwanda kinataka kujua leo gogo la 2040 liko kitalu gani.

---

Fundi_Zamani (Kahawa West)

Sahihi. Na si lazima liwe dude la tani 120,000. Mikaratusi ya wakulima wa Bungoma na Kakamega inakomaa kwa karatasi ndani ya miaka saba au minane. Nyuzi zake ni fupi, haziwezi peke yake kutengeneza mfuko wa saruji, zinataka kuchanganywa na msonobari. Lakini kwa karatasi ya kuandikia ni nzuri sana. Mkulima mwenye nusu ekari ya mikaratusi leo anauza nguzo za stima na kuni za viwanda vya majani chai. Angekuwa na mnunuzi wa magogo ya karatasi kwa mkataba wa bei, angepanda zaidi. Shida ni maji, mikaratusi isipandwe kwenye chemchemi na kingo za mito.

---

Wa_Budalangi (Donholm)

Na kabla hamjawasha chochote, mabwawa ya maji machafu yakaguliwe na majibu yabandikwe hadharani, Webuye na Port Victoria. Mimi nitaunga mkono kiwanda siku hiyo.

---

MamaStationery (Eastleigh)

Kaka Nabuyole, nimechapisha uzi huu wote nimpe kijana wangu wa kidato cha tatu, wanafanya mradi wa historia ya viwanda. Anauliza atapata wapi habari za kweli za mwanzo wa kiwanda, si za mitandao.

---

Nabuyole74 (Kangemi)

Mwambie aende Kenya National Archives pale Moi Avenue, atafute faili za Idara ya Misitu za miaka ya 1960 kuhusu Turbo, na za Wizara ya Biashara na Viwanda. Kumbukumbu za mijadala ya Bunge nazo zina maswali mengi ya wabunge wa Bungoma kuhusu Panpaper, tangu uajiri hadi uchafuzi. Asisahau kuwauliza waliofanya kazi. Waliobaki wamezeeka. Akitaka, aje Kirinyaga Road Jumamosi asubuhi, nitampigia simu baba akiwa hapo, ampe majina ya mashine moja baada ya nyingine na kazi ya kila moja. Bado anazikumbuka zote.

---

Mwana_Turbo (Umoja)

Akija Jumamosi nami nitakuja. Nina picha za vitalu vya miche vya Turbo za miaka ya themanini, hazijawahi kutoka nyumbani.